Programu ya dirisha inapogoma kufunguka kwa root: dalili, sababu na tiba

Laptopu za Linux zinazopita mezani kwangu nyingi ni za mtumba wa Kariakoo. Zimefutwa Windows zikawekwa Ubuntu au Mint, au zimeachiwa vyote viwili. Wenyewe ni wanafunzi wa Mlimani na DIT, wenye steshenari, na vijana wanaojifunza kompyuta wenyewe nyumbani. Wakikwama, maelezo yao hufanana: walitaka kubadilisha kitu, mfumo ukawanyima ruhusa, mtu akawaambia "weka sudo mbele" (amri ya kuendesha kitu kwa ruhusa za root, yule mtumiaji mkuu asiyezuiwa na mfumo), wakaweka, na kuanzia hapo mambo yakavurugika.

Msimamo wangu niuseme mapema. Anayetaka kufungua dirisha zima kwa root, mara nyingi anahitaji faili moja tu au kifaa kimoja. Nitaeleza namna ya kulifungua dirisha pale inapobidi, lakini pia nitakuonyesha njia ya mkato isiyomwingiza root kwenye skrini yako hata kidogo.

Kabla ya kugusa chochote, fungua terminali uandike hizi:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
whoami
df -h
```

Ya kwanza inakujibu `x11` (ndiyo Xorg) au `wayland`, mifumo miwili ya kuchora madirisha kwenye skrini, na tiba zinatofautiana kwa jibu hilo. Ya pili inakuhakikishia wewe ni nani kwa wakati huo, maana kuna watu hukaa ndani ya root tangu asubuhi bila kujua. Ya tatu inaonyesha kama diski imejaa. Diski iliyojaa huiga nusu ya magonjwa yaliyoandikwa hapa.

Dalili ya 1: "cannot open display", "No protocol specified" au "Authorization required"

Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali.

Sababu ya kwanza ni kwamba umeingia root kwa `su -` au `sudo su -`. Njia hizo zinakupa mazingira mapya kabisa ya root, na ndani yake hakuna taarifa ya skrini unayoitazama. Andika `echo $DISPLAY`. Ikirudi tupu, jibu umelipata. Toka kwa `exit`, kisha ukiwa mtumiaji wa kawaida jaribu `sudo` ikifuatiwa na jina la programu. Kwa kawaida sudo hubeba `DISPLAY` na `XAUTHORITY`, kwa hiyo dirisha huweza kufunguka bila mbinu nyingine.

Sababu ya pili: skrini inajulikana, ila root hana kibali cha kuchora juu yake. Kila kikao cha Xorg kina ufunguo wake, na programu isiyo na ufunguo huo inafukuzwa mlangoni hata kama ni ya root. Mpe kibali yeye peke yake:

```
xhost si:localuser:root
```

Utaona jibu `localuser:root being added to access control list`. Fanya kazi yako, ukimaliza mwondoe:

```
xhost -si:localuser:root
```

Mtandaoni utakutana na `xhost +` yenye alama ya kujumlisha peke yake. Usiitumie. Hiyo inazima ukaguzi wote, na kila mtu mwenye akaunti kwenye mashine hiyo anaweza kuingia kwenye skrini yako.

Sababu ya tatu ni Wayland. Fedora waliifanya chaguo la kwanza kuanzia toleo la 25 mwaka 2016. Ubuntu waliijaribu kwenye 17.10, wakarudi nyuma kwenye 18.04, kisha wakaikumbatia tena kuanzia 21.04. Ndani ya Wayland, sudo haibebi `WAYLAND_DISPLAY`, na root hana njia ya kawaida ya kuufikia mlango wa skrini ulioko `/run/user/1000`. Programu inayoweza kupitia XWayland (daraja la programu za Xorg ndani ya Wayland) huenda ikafunguka, hasa baada ya amri ya xhost hapo juu. Isiyoweza itagoma, na kugoma kwake si hitilafu. Waliobuni mfumo walikusudia hivyo.

Ukitaka kujua kwa nini walikusudia, ingia kwenye kikao cha Xorg, fungua terminali, andika `xinput test-xi2 --root`, kisha nenda dirisha lingine kabisa uchape maneno mawili matatu. Rudi kwenye terminali: kila kitufe ulichobonyeza kimeandikwa pale kwa namba yake. Kwenye Xorg madirisha yote yanaona kibodi moja. Ukifungua dirisha la root ukachapa nywila, programu yoyote uliyoishusha jana ikiwa inaendeshwa pembeni inaweza kuisoma.

Sababu ya nne, adimu zaidi: uko kwenye mashine nyingine kwa ssh. Hapo ingia upya kwa `ssh -X`, au bora zaidi fanya kazi hiyo kwa amri tu.

Kama shida ni kuhariri faili ya mfumo, ishia hapa

Wengi wa dalili ya 1 walikuwa wanataka kuhariri `/etc/hosts` au `/etc/fstab`. Amri yao ni hii:

```
sudoedit /etc/hosts
```

Inachukua nakala ya faili na kuifungua kwenye kihariri chako wewe, kwa ruhusa zako wewe, na ukishafunga ndipo inaandika mabadiliko mahali pake. Kihariri chenyewe hakiwi root hata dakika moja. Kama kihariri cha nano hakikupendezi na unatumia VS Code, andika `SUDO_EDITOR="code --wait" sudoedit /etc/hosts`. Kwenye GNOME kuna pia anwani ya `admin://`, kwa mfano `gedit admin:///etc/fstab`, yenye mikwaju mitatu. Inakuomba nywila, kisha unahifadhi faili kama kawaida.

Maelekezo ya zamani yanayosema `gksu` yapite tu. Ubuntu waliiondoa kwenye 18.04 na hairudi.

Dalili ya 2: pkexec inakataa, au unabofya kwenye menyu na kimya

Kimya baada ya kubofya mara nyingi maana yake hakuna wakala wa polkit (mfumo unaoamua nani apewe ruhusa za root; pkexec ni amri yake) anayeonyesha kisanduku cha nywila. GNOME, KDE na Cinnamon huja naye. Walioweka mazingira mepesi kama i3 au Openbox ili laptopu yenye RAM ya GB 4 ipumue, humkosa. Jaribu `pkexec gparted` ukiwa kwenye terminali: ikikuomba nywila kwa maandishi, polkit mzima, wakala ndiye hayupo. Sakinisha `lxpolkit` na uhakikishe inaanza pamoja na kikao chako.

Ikiomba nywila, ukaiweka, kisha ikasema haioni skrini, sababu ni nyingine. pkexec hufuta mazingira makusudi, na dirisha huruhusiwa tu kama mtengenezaji wa programu ameandika sera yenye `allow_gui`. GParted na Synaptic zimeandaliwa vizuri, ndiyo maana hufunguka kutoka kwenye menyu bila matatizo. Kihariri cha kawaida hakina sera hiyo. Usiiandike mwenyewe, rudi kwenye sudoedit.

Na kama laptopu haijasasishwa tangu 2021 kwa kubania bando, itafutie bando hata usiku, uendeshe `sudo apt update && sudo apt upgrade`. Januari 2022 lilitangazwa tundu la pkexec, CVE-2021-4034, lililokuwemo tangu matoleo yake ya kwanza ya 2009. Mtumiaji yeyote wa kawaida aliweza kulitumia kujipa root.

Dalili ya 3: programu yenyewe inakuambia hapana

VLC husema `VLC is not supposed to be run as root. Sorry.` Chrome husema `Running as root without --no-sandbox is not supported.` VS Code nayo hulalamika kwa namna yake, na Dolphin ya KDE ilianza kukataa sudo mwaka 2017.

Hapa hakuna kilichoharibika. Programu hizi hupokea vitu vya watu usiowajua: video, kurasa, viendelezi. Faili moja mbovu ikipenya ndani ya kivinjari cha root, imepata mashine nzima. Ushauri wa kuongeza `--no-sandbox` unaondoa kinga ya mwisho iliyobaki, na sioni sababu ya kuutumia kwenye laptopu ya mtu.

Jiulize ulikuwa unatafuta nini. Kama VLC haikufungua video bila sudo, shida iko kwenye ruhusa za faili: itazame kwa `ls -l`. Kama ni Dolphin, kifurushi cha `kio-admin` kinakupa njia salama. Na kama umejikuta ndani ya root bila kukusudia, `exit` inatosha.

Dalili ya 4: unaweka nywila sahihi, skrini inapepesa, inakurudisha pale pale pa kuingilia

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa sababu wanadhani nywila imebadilika. Haijabadilika. Nywila ikiwa mbaya mfumo husema. Ukiona umekubaliwa kisha ukarudishwa, kikao kimeanza kikafa.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3 (kwenye baadhi ya laptopu ongeza Fn). Ingia kwa maandishi kwa jina na nywila ile ile. Kisha:

```
df -h
ls -l ~/.Xauthority ~/.ICEauthority
ls -ld ~ ~/.config ~/.cache ~/.local
```

Kwanza diski. `/` au `/home` ikiwa 100%, mfumo hauna mahali pa kuandika hata faili ndogo ya kikao. Futa ulichoshusha kikubwa, endesha `sudo apt clean`, jaribu tena kuingia.

Diski ikiwa na nafasi, tazama mmiliki. Mstari mbaya unafanana hivi:

```
-rw------- 1 root root 52 Mar 14 21:07 /home/asha/.Xauthority
```

Faili iko nyumbani kwa asha, lakini mwenye mali ni root, na asha haruhusiwi hata kuisoma. Kwenye Mint na mifumo mingine inayotumia LightDM (programu ya skrini ya kuingilia), hiyo peke yake inatosha kumfungia nje. Ubuntu yenye GNOME huweka ufunguo wake kwingine, kwa hiyo huko angalia zaidi `.ICEauthority` na zile folda tatu. Mara nyingi chanzo ni `sudo startx`, au kufungua programu ya dirisha kwa sudo kwenye Ubuntu za kabla ya 19.10 na Mint za mlolongo wa 19. Kwenye matoleo hayo sudo ilikuwa inamwachia root nyumba yako kama nyumba yake. Kama bado uko huko, tumia `sudo -H`.

Tiba:

```
sudo chown $USER: ~/.Xauthority ~/.ICEauthority
```

Ikilalamika kwamba moja ya faili haipo, si neno. Bonyeza Ctrl+Alt+F1 au F7 kurudi, uingie. Bado? Ibadilishe jina, `mv ~/.Xauthority ~/.Xauthority.zamani`, mfumo utatengeneza mpya.

Sababu inayofuata ni `/tmp` kupoteza ruhusa zake. `ls -ld /tmp` inapaswa kuonyesha `drwxrwxrwt`. Vinginevyo `sudo chmod 1777 /tmp`. Ya mwisho kwenye orodha yangu ni dereva wa kadi ya picha baada ya sasisho, na hiyo ni mada nyingine.

*Simama hapa:* kama amri zinajibu `Read-only file system` au `Input/output error`, acha chown, acha kila kitu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika katikati ya kuandika, inaweza kuamka na diski iliyojifunga isiandikwe. Endesha `sudo dmesg | tail -50`. Ukiona `I/O error` ikijirudia, diski inakufa, na kila jaribio linazidi kuila. Zima, mpelekee fundi wa kuokoa data kabla ya kusakinisha chochote upya.

Dalili ya 5: unaingia vizuri, ila mipangilio haihifadhiki

Unabadilisha picha ya nyuma, kesho imerudi ya zamani. Kivinjari kinasema profaili haipatikani. Terminali inatema `dconf-CRITICAL ... /run/user/1000/dconf/user: Permission denied`.

Hiyo ya dconf (hifadhi ya mipangilio ya GNOME) ni nyepesi kuliko inavyotisha. Programu iliyofunguliwa kwa sudo imeacha faili ya root ndani ya `/run/user/1000`, na folda hiyo huishi kwenye RAM. Zima na uwashe kompyuta, imekwisha.

Zilizobaki zinatokana na faili za root zilizotapakaa nyumbani kwako. Zitazame kwanza:

```
sudo find "$HOME" -xdev -user root
```

Soma orodha kabla ya kurekebisha. Kama unatumia Docker, huenda kuna data ya kontena ambayo ni halali iwe ya root. Ukiridhika:

```
sudo find "$HOME" -xdev -user root -exec chown -h "$(id -un):$(id -gn)" {} +
```

Iendeshe ukiwa wewe, si ndani ya `sudo -i`, la sivyo `$HOME` itakuwa `/root`.

*Simama hapa:* kuna mtu amewahi kukushauri `sudo chown -R` au `chmod -R 777` kwenye `/`? Kama umeshaiendesha, usijaribu kurudisha faili moja moja. Hamisha kazi zako kwenye diski ya nje, sakinisha mfumo upya. Fundi anayekuambia atairekebisha kwa amri moja anakupotezea siku.

Dalili ya 6: "Fundi, nikiweka sudo inaona kifaa, nisipoweka haioni"

Wenye bodi za kielektroniki za Arduino, hawa. Kosa huandikwa `can't open device "/dev/ttyUSB0": Permission denied`, na kijana anaishia kufungua Arduino IDE nzima kwa root, na wiki ijayo anarudi na dalili ya 5. Mlango huo wa USB ni wa kikundi cha `dialout`. Jiunge nacho:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Toka kwenye kikao, ingia tena. Herufi `a` isikuponyoke, madhara yake yapo kwenye dalili ya 8.

Sasa, kuna kesi ambayo hata sudo haisaidii: kifaa kinaonekana sekunde mbili kisha `/dev/ttyUSB0` inatoweka. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, na kwenye Ubuntu 22.04 huduma ya `brltty`, inayohudumia vifaa vya Braille, huidhania ni kifaa chake na kuinyakua. `sudo dmesg | grep brltty` itaitaja kwa jina. Kama hakuna anayetumia Braille kwenye mashine hiyo, `sudo apt remove brltty`, chomoa na uchomeke tena.

Wireshark, programu ya kuchunguza mtandao, ni hadithi hiyo hiyo: `sudo dpkg-reconfigure wireshark-common`, jibu ndiyo, kisha ujiunge na kikundi cha `wireshark`.

Dalili ya 7: umefungua folda kama root, na bado flashi au diski haiandikiki

Kwenye Mint ni rahisi kubofya kulia na kufungua folda kama root, kwa hiyo watu hukimbilia hapo. Root akikataliwa naye, jua shida si ruhusa.

Kwa laptopu yenye Windows na Linux pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni Windows yenyewe. Ile Fast Startup yake haizimi kikamilifu, inaiacha diski nusu usingizini, na Linux inagoma kuiandika au hata kuifungua. Ingia Windows, fungua Command Prompt, andika `shutdown /s /f /t 0`, kisha rudi Linux. Ukitaka kuimaliza moja kwa moja, zima Fast Startup. Usikimbilie `ntfsfix` (amri ya kurekebisha diski ya Windows) wakati Windows bado ina kazi hazijahifadhiwa.

Kwa flashi iliyozunguka steshenari tatu ikichomolewa bila kuaga, dmesg husema `Filesystem has been set read-only`. Nakili vilivyomo kwanza. Kisha itafute kwa `lsblk`, iondoe kwa `umount`, uendeshe `sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1` ukiweka jina halisi la flashi yako. Soma ukubwa wake mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ikirudi hali ile ile baada ya hapo, ni ya kutupa.

Dirisha la root lenye rangi tofauti, maandishi madogo au lisilotoa sauti halina ugonjwa. Root ana mipangilio yake.

Dalili ya 8: "is not in the sudoers file" au "su: Authentication failure"

Ya pili kwenye Ubuntu ni kawaida: root hana nywila iliyowekwa, kwa hiyo `su` haiwezi kukubali yoyote. Tumia sudo.

Ya kwanza maana yake huruhusiwi kutumia sudo, na chanzo ninachokutana nacho zaidi ni mtu aliyeandika `sudo usermod -G dialout` bila ile `a`. Amri hiyo haikumwongeza kwenye dialout. Ilimwacha na dialout tu, ikamtoa kwenye vikundi vingine vyote pamoja na `sudo`. Kama kuna akaunti nyingine yenye sudo, irekebishe kutoka huko. Kama hakuna, washa kompyuta ukishikilia Shift au ukigonga Esc hadi menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha), chagua Advanced options, kisha recovery mode, kisha root. Halafu:

```
mount -o remount,rw /
usermod -aG sudo asha
reboot
```

Weka jina lako badala ya asha. Kwenye Fedora kikundi ni `wheel`. Baadaye jirudishe na kwenye vikundi vingine ulivyokuwa navyo, kama `plugdev` na `lpadmin`.

*Simama hapa:* mashine ikiwa ya ofisi, njia ya recovery si yako kuitumia hata kama unaiweza. Kutokuwa kwenye sudoers huenda ni uamuzi wa msimamizi, basi mwombe yeye. Na kama diski imesimbwa na nywila ya kuifungua imesahaulika, recovery haitakufikisha popote, wala fundi hana ufunguo wa pembeni. Anayekuomba malipo ya awali ili "aivunje" mnyime, na kama una nakala ya akiba mahali, anza na hiyo.